Mkabidhi Mtoto Ufunguo: Ninavyolea Viongozi Vingunguti

Kwenye kona ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu, Vingunguti, Dar es Salaam, pana kabati la chuma lililochakaa. Ndani mna mipira miwili, mafagio sita, koleo, vitabu vya hadithi vipatavyo arobaini, daftari la mahudhurio, daftari la fedha na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko. Kufuli lake lina ufunguo uliofungwa kwa kipande cha kanga nyekundu. Ufunguo huo haukai kwangu. Kwa miezi mitatu hii uko kwa mtoto wa miaka 11 ambaye mama yake anauza supu ya utumbo karibu na machinjio. Kila Jumamosi nikifika saa 3 asubuhi namkuta ameshafungua, ameshafagia mlangoni, anaandika majina ya waliowahi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kikundi hiki cha watoto cha kila Jumamosi nilikianzisha mwaka 2012. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameingia nyumba za bondeni kwa Mto Msimbazi, familia nyingine zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na watoto waliobaki walirudi darasani kwangu hawana madaftari, hawana viatu, wengine hawana hata pa kulala panapoeleweka. Nilianza na watoto tisa. Ninayoandika hapa ni yale niliyoona yakifanya kazi na yale yaliyonishinda. Nayaandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu, ustadhi wa madrasa, mchungaji, kocha wa mpira wa mtaani, mama wa kikoba, yeyote mwenye watoto jirani ambao watu wamezoea kuwaita "wale watoto."

Jambo moja nalishikilia kuliko yote. Mtoto aliyekulia kwenye shida hujifunza uongozi akipewa kitu cha kweli cha kusimamia, mapema, mbele za watu, na akaachiwa akisimamie. Semina, kofia na fulana zenye maandishi nimeziona zikija na kuondoka. Ufunguo ndio uliowabadilisha.

Kuwapata watoto wenyewe

Mara ya kwanza niliomba walimu wenzangu waniletee "wanaofaa." Nikaletewa viranja na watoto wa wenye maduka. Watoto wazuri, lakini hao wanasikilizwa tayari nyumbani kwao. Siku hizi naenda kukaa kwenye foleni ya bomba saa 11 jioni, na ndoo yangu. Pale utamwona binti anayesema, "Huyu bibi apite kwanza," na foleni inamtii. Utamwona mvulana anayegawa zamu ya mpira bila ngumi. Utamwona pia yule anayewaamrisha wenzake kwa vitisho. Huyo naye mchukue, kwa sababu wenzake wanamfuata, na ukimwacha nje atawafundisha mengine.

Baada ya hapo waulize saa wanayoweza kuja. Mimi niliwapangia saa 4 bila kuuliza, na kwa wiki tano nilipata watoto wanne. Mmoja akanieleza kwa upole kabisa: "Mwalimu, saa 5 ndiyo karanga zinatoka." Machinjio inaanza kazi usiku, wanaosaidia wazazi kwenye utumbo na kwato wanapumua kidogo ifikapo saa 3, na wauza karanga wanaanza kuzunguka saa 5. Kwa hiyo sisi ni saa 3 mpaka saa 5. Mtaa wako una saa zake.

Ruhusu waje na wadogo zao mgongoni. Binti wa miaka 12 anayelea mdogo wake hatakuja peke yake, na ukimkataza yule mdogo umemkataza yeye. Tandika mkeka pembeni. Na pika uji. Kilo mbili za unga wa lishe na sukari nusu kilo vinatosha watoto thelathini. Mtoto aliyetoka nyumbani na chai ya rangi tangu jana mchana hawezi kukaa akijadili agenda. Usiutangaze huo uji kwenye barua za kuitisha wafadhili, wala usiupige picha.

Nenda nyumbani kwanza

Usimsajili mtoto kabla hujakaa kwenye kigoda cha kwao. Wengi ninaowapata wanalelewa na bibi. Bibi mmoja aliniuliza swali ambalo kila mlezi atakuuliza kwa namna yake:

"Shikamoo nimeitikia, mwanangu, lakini niambie. Huyu akija kwako, maandazi yangu atauza nani?"

Nikamwambia, "Bibi, namwomba kwa saa mbili tu. Saa 5 kamili atakuwa hapa, na kama siku moja hakurudi kwa wakati, wiki inayofuata usimruhusu."

"Na huko anafundishwa nini?"

"Anashika daftari la fedha za wenzake."

Akamtazama mjukuu wake kwa muda. Akasema, "Basi aanze na la kwangu. Wateja wananidai na mimi nawadai, sijui hata nani ni nani." Yule mtoto akaanza kuandika madeni ya maandazi kwenye daftari la mistari, na tangu siku hiyo bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwamsha Jumamosi. Ahadi ya saa 5 itunze kama deni. Ukiivunja mara mbili, nyumba imefungwa, na majirani watatu wameshasikia.

Vyeo vitatu, miezi mitatu

Kikundi chetu kina Mwenyekiti, Katibu na Mhazini. Kila miezi mitatu vyeo vinabadilika na aliyetoka harudii cheo kilekile. Nilishawishika zamani kumwacha Katibu aliyekuwa hodari aendelee mwaka mzima. Nilikosea. Wengine waliacha kujaribu, na yeye akaanza kusema "kikundi changu."

Kura tunapiga kwa punje. Wagombea wakiwa wawili, mmoja ni maharage na mwingine ni mahindi, kila mtoto anapewa punje moja ya kila aina, anaingia nyuma ya pazia la kanga, anatumbukiza moja kwenye chungu na kuificha nyingine mfukoni. Mtoto wa darasa la pili ambaye bado anasuasua kusoma anapiga kura ya siri sawasawa na wa darasa la saba. Kisha punje zinamwagwa kwenye ungo na kuhesabiwa kwa sauti.

Siku ya makabidhiano ni siku kubwa. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, muhtasari wa mwisho unasomwa, vitabu vinapangwa sakafuni kimoja kimoja, na kilichopotea kinatajwa. Mwite mtendaji wa mtaa ashuhudie. Akishindwa kuja, mwite mjumbe, au fundi viatu wa jirani. Mtoto akisimama mbele ya mtu mzima wa nje na kusema, "Nilipokea vitabu 41, narudisha 39, viwili vimelowa," hujui ni kitu gani kinajengeka kifuani mwake mpaka uwepo.

Fedha, na siku zilipopungua

Wengi wanaonitembelea hushtuka wakisikia watoto wanashika fedha. Ni fedha kidogo: mia mia za michango yao, na mauzo ya chupa za plastiki tunazookota na kuuza kwa kilo. Lakini ni zao, na hapo ndipo somo zito lilipo.

Mwaka wa tatu tulifungua kopo tukakuta zimepungua shilingi 3,500. Mhazini alikuwa mvulana wa miaka 13. Hakusubiri kuulizwa. Alisimama, mikono nyuma, akisema akitazama miguu yake: "Nilichukua mimi. Nyumbani hapakuwa na unga." Chumba kizima kimya. Mmoja akasema afukuzwe. Mwingine akasema achapwe. Moyo ulinituma nitoe 3,500 mfukoni mwangu yaishe, na nashukuru nilijizuia, maana ningemwondolea nafasi ya kulimaliza mwenyewe, na wenzake wangejifunza kwamba mwalimu hufidia.

Nikamwambia Mwenyekiti, binti wa miaka 12, "Kikao ni chako." Walizungumza karibu saa nzima. Wakaamua mambo matatu. Atarudisha shilingi 500 kila Jumamosi kwa Jumamosi saba. Atamaliza kipindi chake akiandika daftari, lakini ufunguo atashika mwingine, na kopo halifunguliwi mpaka wote wawili wawepo. Na la tatu, ambalo mimi sikulifikiria kabisa: mtoto yeyote ambaye kwao hakuna chakula amwambie Mwenyekiti faraghani kabla ya kugusa kopo, na kikundi kitaona la kufanya.

Alilipa. Wiki ya tano alileta 200, akaandika mwenyewe "bado 300." Utaratibu ule wa mmoja ashike ufunguo na mwingine ashike daftari tunaufuata hadi leo, na vikundi viwili vya akina mama hapa mtaani wameuiga. Kwa hiyo ushauri wangu kwako: weka kiasi ambacho hata kikipotea chote hakitamwangamiza mtu, kisha usiingilie.

Kuwasimamisha mbele ya mtaa

Hapa ndipo wengi tunakosea kwa kuwakaririsha watoto shairi na ngonjera kwa ajili ya mgeni rasmi. Mtoto akimaliza, anapigiwa makofi, anapewa soda, na hakuna aliyesikia alichosema. Anza na shida yenyewe. Tembea nao mtaani wakiwa na karatasi, wachore ramani: wapi wanaogopa kupita usiku, wapi maji yanatuama, wapi gari nusura limgonge mtu.

Watoto wangu walichora kivuko cha mbao juu ya mfereji, njia ya kwenda shuleni. Nikawaambia wasiseme neno kwa mwezi mmoja. Waandike tu. Kila anayeteleza pale, tarehe na alikuwa nani.

Kisha tukaenda kwa mtendaji, wakaomba ajenda yao iingizwe kwenye mkutano wa mtaa. Ukizuiwa mlangoni, taja sheria kwa adabu: Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mabaraza ya watoto nayo yanatambuliwa rasmi, kwa hiyo muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako kama lipo na linakutana lini.

Tulijifunza kusema kwa sentensi tatu. Tatizo liko wapi. Linamuumiza nani. Tunaomba nani afanye nini, lini. Basi. Katibu wetu, binti wa miaka 13 mwenye sweta la shule lililoshonwa kiwiko kwa uzi mweusi, alisimama kwenye ule mkutano, akasema sentensi zake tatu. Sauti ilimtetemeka kwenye ya kwanza. Mzee mmoja akauliza kwa nguvu, "Nyie watoto mmetumwa na nani?"

Nilitaka kusimama. Binti akafungua daftari.

"Shikamoo babu. Tarehe 4, mtoto wa darasa la pili aliteleza akaumia goti. Tarehe 9, mama mwenye ndoo alianguka, ndoo ikapasuka. Tarehe 11, mtoto wa darasa la kwanza alitumbukia mguu mmoja, akavutwa na muuza mahindi. Tarehe 17..."

Akaendelea mpaka tarehe 28. Alipofika tukio la sita watu walikuwa wameacha kuongea. Mwenyekiti wa mtaa akamwomba arudie jina la mahali ili aandike vizuri. Kazi ilichukua wiki tatu: wazee walichanga, fundi akaja, watoto wakabeba mchanga kwa ndoo. Yule mzee aliyewauliza wametumwa na nani alitoa mbao mbili. Toka hapo akimwona Katibu njiani humwita "mama mtendaji," na hamtanii.

Ukichagua shida ya kwanza, chagua inayoweza kwisha ndani ya miezi miwili. Bomba la mtaa mzima au barabara ya lami viweke pembeni. Mtoto ambaye maisha yake yote ameona ahadi zikipotea anahitaji kuona kimoja kikitimia kwa mkono wake.

Linda heshima yao

Kuna jambo linaniuma mpaka leo. Wageni fulani walikuja na kamera, wakaahidi madawati. Wakamwomba binti mmoja asimame aeleze jinsi mama yake alivyofariki. Nilikuwepo. Sikukataza haraka. Alieleza, akalia, wakapiga picha. Madawati yalikuja. Binti hakurudi kwa miezi minne, na aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ile picha iko wapi sasa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu hapo hakuna mgeni anayeuliza mtoto habari za kwao. Mtoto anatambulishwa kwa cheo chake na kazi aliyofanya. Anayetaka picha apige kivuko.

Kuna mambo ya ulinzi ambayo hayana mjadala. Mtu mzima mmoja asikae peke yake na mtoto chumbani, hata akiwa wewe. Sisi tunakuwa wawili daima, mlango wazi. Ukisikia au ukiona dalili ya mtoto kudhulumiwa kimwili au kingono, usiitishe kikao wala usiende kuzungumza na mtuhumiwa. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Iandike ukutani kwa chaki kubwa, na watoto waikariri.

Shule na karatasi

Uongozi bila karatasi unafika ukutani. Ada na michango ya lazima vilifutwa kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, lakini sare, madaftari na nauli bado vinamtoa mtoto shuleni kimyakimya, kwa hiyo daftari la mahudhurio lisomwe vizuri. Mtoto akikosa Jumamosi mbili, wawili wanatumwa kwao. Binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi tangu Novemba 2021, na wapo wazazi ambao hadi leo hakuna aliyewaambia. Waambie wewe.

Na cheti cha kuzaliwa. Ukifanya moja tu katika makala hii, fanya hili. Mtoto wa bondeni ambaye karatasi zake zilikwenda na maji atakwama kwenye kitambulisho cha taifa, na akifaulu hadi chuo kikuu atakwama kwenye mkopo. Kusanya mapema kadi ya kliniki, barua ya mtendaji na kingine chochote chenye tarehe, mwelekeze mlezi RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, na usisubiri mtoto afike kidato cha nne. Mimi mwezi wa Februari kila mwaka ni wa vyeti, hakuna kingine.

Wakishakua

Mtoto akifika miaka 14 au 15 kikundi kinamchosha. Hapo wengi huwapoteza. Mpe kikundi cha wadogo akiongoze yeye.

Haya nilijifunza kwa majirani zetu wa Mathare, Nairobi. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa mtaa huo wa mabanda, walianza mwaka 1987 na ligi ya mpira wa miguu ya watoto, na timu ikisafisha takataka mtaani ilipewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Ligi zenyewe ziliendeshwa na vijana, na waliojitolea sana walilipiwa karo, fedha zikaenda moja kwa moja shuleni. Sisi tumechukua ule wa pointi: Jumamosi ya kusafisha mfereji ni pointi kwa timu, na nimeona timu iliyofungwa mabao manne ikishika nafasi ya pili, ikitembea kifua mbele.

Na hapa kwetu Dar es Salaam tuna mfano wa zamani zaidi. Bibi Titi Mohamed alisoma madarasa machache, lakini alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 TANU, chama kilichokuwa kikipigania uhuru, kilipohitaji kuwafikia wanawake, alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu vilikuwa tayari na viongozi, michango na utaratibu wa kuitana. Watoto nikiwasimulia haya huangalia kopo letu la maziwa kwa jicho jingine.

Akifikisha miaka 18 kuna milango ya kumwonyesha kwa miguu, ukiongozana naye: kitambulisho cha taifa, kisha mkutano wa mtaa, ambako sasa anaingia na kura yake. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Vijana waliokwisha kushika daftari la fedha tangu miaka 12 hawaogopi fomu zile. Akifikisha 21 anaweza kugombea uongozi wa mtaa.

Yule Katibu wa kivuko alijaribu mwaka 2024. Alichukua fomu ya ujumbe wa mtaa, akashindwa kwenye kura za maoni ndani ya chama. Alikuja kwangu usiku, tukakaa barazani, hakulia, akaniomba nimsaidie kuhesabu kura zake upya, aone wapi hakufika. Tulihesabu mpaka saa 5. Jumamosi iliyofuata alikuwa ofisini saa 3 kasorobo na kikundi chake cha watoto kumi na wanne, wengi wa darasa la tatu. Yeye ndiye anayekiendesha sasa. Mimi nakoroga uji, na nikitaka kitabu kabatini naomba kwa mwenye ufunguo.